Chombo cha Hifadhidata Ndani ya Kontena: Ushauri kwa Mafundi wa Rusizi II

Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya UVIKO-19, malori ya mizigo yaliendelea kuvuka kwenda Bukavu, lakini kina mama waliozoea kuvuka kwa miguu na beseni la nyanya, trei za mayai au ndoo ya sambaza walikwama upande wao wa mto. Njia iliyopatikana, hapa Rusizi na kule Rubavu pia, ilikuwa kuchanga mizigo: wafanyabiashara wadogo wengi wanajaza gari moja, gari linavuka, mtu wa upande wa pili anapokea na kugawa. Biashara ya namna hiyo hulilemea daftari upesi. Gunia lililopungua ni la nani? Nani amelipwa kwa dola, nani kwa faranga za Rwanda, nani kwa faranga za Kongo, na kwa bei ya siku ipi? Kumbukumbu kama hizo zinataka hifadhidata, na hifadhidata inataka mtu wa kuitunza.

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Mara nyingi ni kijana wa Kamembe au wa Bukavu aliyesoma kidogo mambo ya kompyuta, ambaye ushirika, duka la dawa, wakala wa forodha au zahanati imemkabidhi mashine na kumwambia: wewe ndiye fundi. Anataka kuyaona majedwali yake kwa macho, arekebishe jina lililoandikwa vibaya, atoe orodha ya wanaodai, bila kuandika kila kitu kwenye dirisha jeusi la amri. Amesikia kuna phpMyAdmin, kuna Adminer, kuna pgAdmin, na kwamba njia nyepesi ya kuviweka ni ndani ya kontena la Docker. Alichosikia ni kweli. Faili lenyewe halizidi mistari thelathini mifupi. Lakini chombo hiki huonyesha kila kilichomo, hufuta kila kilichomo, na hufunguka kwenye kivinjari cha yeyote aliyekifikia na kuwa na nenosiri. Kwa hiyo nasema mapema ninachokiamini: kiwe kimezimwa wakati hukitumii, na kikiwashwa kionekane kwenye kompyuta yako peke yake. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya hilo.

Naliwekea uzito kwa sababu ya mahali tulipo. Mpakani, orodha ya majina ina hatari yake. Jedwali lenye jina la mama, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho, mtaa anaolala, pesa anazodai na tarehe alizovuka linamweleza msomaji wake nani alikuwa wapi na ana kiasi gani mkononi. Wiki ya kawaida, orodha hiyo ni ya kugawia malipo. Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, watu waligundua kwa siku chache tu jinsi karatasi za jana zinavyoweza kusomwa kwa jicho jingine leo. Fundi hana uwezo wa kuzuia vita, ila ana uwezo wa kuhakikisha kwamba majina ya watu mia mbili hayaonekani kwa kila aliyeunganishwa kwenye waifai ya ofisi.

Na usijifariji kwamba ushirika mdogo wa kando ya Rusizi hautafutwi na mtu. Mwanzoni mwa 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti zilifutwa, na mahali pake pakabaki ujumbe wa kudai bitcoin. Julai 2020 likaja shambulio jingine lililoitwa Meow, ambalo lilifuta bila hata kudai chochote. Walioathirika hawakuchaguliwa mmoja mmoja. Programu zilizunguka anwani za intaneti zote, na kila palipokuwa wazi ziliingia. Mashine yako ikiwa na anwani ya hadharani, hodi ya aina hiyo itapigwa, uwe New York au Mururu.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Kwanza amua kama unahitaji hifadhidata. Kikundi cha watu ishirini na tano wanaochangia kila Jumamosi kinahudumiwa vizuri na daftari, au na lahajedwali moja lenye nenosiri. Ushauri huu unaanza kufaa pale ambapo watu wawili au zaidi wanaandika kwa wakati mmoja, au kumbukumbu zinavuka elfu kadhaa, au kuna programu nyingine inayosoma data hizo hizo.

Kuhusu chombo cha kuchagua, sitapoteza maneno mengi. Hifadhidata yako ikiwa ni MariaDB au MySQL, chukua phpMyAdmin. Kipo tangu 1998, menyu zake zinaeleweka, na tatizo lolote utakalokutana nalo limeshamkuta mwingine. Ikiwa ni PostgreSQL, pgAdmin ndicho chake, ingawa ni kizito na kinataka mashine yenye kumbukumbu ya kutosha. Ukikiwekea folda ya mashine yako ujue kwamba ndani ya kontena kinaendeshwa na mtumiaji namba 5050, hivyo folda isipokuwa mali ya namba hiyo hakitawaka. Adminer, kilichoandikwa na Jakub Vrána wa Ucheki, ni faili moja la PHP linalozungumza na MariaDB, PostgreSQL na nyinginezo. Kwenye kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, mimi ningekichagua hicho. Onyo lake ni moja: ukurasa wa kuingilia unamruhusu mtu ajaze jina la seva yoyote ile, na matoleo kabla ya 4.6.3 yalikuwa na tundu lililomwezesha mshambuliaji kusoma mafaili ya mashine kwa kukielekeza chombo kwenye seva yake mwenyewe. Ukikuta mahali Adminer ya zamani hivyo, iondoe siku hiyo hiyo.

Kwa nini kontena? Kwa sababu phpMyAdmin peke yake inadai PHP na seva ya wavuti, na PHP ya mashine huenda tayari inatumiwa na programu ya duka inayotaka toleo jingine. Docker, iliyotambulishwa mwaka 2013, inafungasha programu pamoja na kila inachokitegemea, kwa hiyo matoleo mawili yanakaa mashine moja bila kugombana. Siku ukitaka kukiondoa, unafuta kontena na mashine inabaki kama ilivyokuwa. Kwa fundi anayehudumia ofisi nne, kila moja na kompyuta ya aina yake, faida kubwa zaidi ni kwamba faili moja linatosha kwa zote.

Hili hapa. Liandike kwa jina compose.yaml ndani ya folda yake:

services:
  db:
    image: mariadb:11.4
    restart: unless-stopped
    env_file: siri.env
    environment:
      TZ: Africa/Kigali
    volumes:
      - data_db:/var/lib/mysql
    networks: [ndani]

  pma:
    image: phpmyadmin:5.2
    profiles: ["kazi"]
    environment:
      PMA_HOST: db
      UPLOAD_LIMIT: 64M
    ports:
      - "127.0.0.1:8081:80"
    networks: [ndani]

volumes:
  data_db:

networks:
  ndani:

Faili la siri.env lina mstari mmoja, MARIADB_ROOT_PASSWORD= ukifuatwa na nenosiri refu, na haki zake ziwe za kusomwa na wewe tu: chmod 600 siri.env. Ukimaliza, amri docker compose up -d itawasha hifadhidata pekee. Chombo cha kusimamia hakitawaka, kwa kuwa kiko chini ya wasifu unaoitwa kazi. Ukikihitaji unaandika docker compose --profile kazi up -d, unafungua kivinjari kwenye http://127.0.0.1:8081, unafanya shughuli yako, kisha docker compose --profile kazi stop pma. Wasifu huo ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote katika faili hili. Kilichozimwa hakihitaji kulindwa.

Angalia tena mstari wa poti. Watu wengi huandika "8081:80" na kuridhika kwa sababu ukurasa unafunguka. Unafunguka kweli, na unafunguka pia kwa kila simu na kila kompyuta iliyo kwenye mtandao huo, na kwa dunia nzima kama mashine ina anwani ya hadharani. Wengine hudhani ufw, ukuta wa moto wa mashine, imewakinga. Haijawakinga: Docker inapotangaza poti huandika kanuni zake zenyewe kwenye iptables, na mawasiliano hayo hupita bila kufika kwenye kanuni ulizoziweka kwa ufw. Tarakimu 127.0.0.1 mbele ya poti ndizo zinazosema kwamba mlango huu ni wa mashine hii tu. Hifadhidata yenyewe, ukitazama, haina mstari wa ports kabisa. Haiuhitaji, maana phpMyAdmin inaifikia kupitia mtandao wa ndani uliopewa jina ndani.

Kama seva iko mbali, tuseme imewekwa Kigali na wewe uko Kamembe, au iko kwenye chumba cha nyuma cha ghala na wewe uko kaunta, usibadili mstari huo. Pita kwenye SSH: ssh -L 8081:127.0.0.1:8081 jina@anwani-ya-seva. Dirisha hilo likiwa wazi, kivinjari chako kikienda 127.0.0.1:8081 kitafika kwenye seva kupitia njia iliyosimbwa, na hakuna poti mpya iliyofunguliwa popote. Ingia SSH kwa ufunguo na si kwa nenosiri.

Kuna makosa matatu yanayorudi kwa kila anayeanza, na yote matatu hupoteza mchana mzima wa mtu mwenye akili zake.

La kwanza ni kuandika localhost kwenye PMA_HOST. Ndani ya kontena, localhost ni kontena lenyewe, wala si mashine yako na si kontena la jirani. phpMyAdmin itatafuta hifadhidata tumboni mwake, isiione, na kukujibu kwa namba 2002 na maneno ya Kiingereza yanayosema hakuna faili wala folda kama hiyo. Andika jina la huduma, yaani db. Docker inalitafsiri jina hilo kuwa anwani sahihi, mradi makontena yote mawili yako kwenye mtandao mmoja uliouunda wewe.

La pili ni kubadili nenosiri kwenye siri.env na kushangaa kwamba la zamani bado ndilo linalofanya kazi. Maneno ya MARIADB husomwa mara moja tu, kontena linapowaka kwa mara ya kwanza na kukuta volyumu tupu. Baada ya hapo nenosiri limo ndani ya hifadhidata, na linabadilishwa kwa ALTER USER au kwenye ukurasa wa watumiaji wa phpMyAdmin. Ni vema ukishalibadili huko, ulisawazishe na la kwenye faili, kwani amri ya nakala rudufu nitakayoitoa baadaye inalisoma hapo, na kontena likishaundwa upya kwa up -d litalichukua jipya.

La tatu ndilo baya. Amri docker compose down inasimamisha na kuondoa makontena. Data inabaki kwenye volyumu. Ukiongeza -v mwishoni, volyumu nayo inakwenda, pamoja na kila shilingi iliyoandikwa ndani yake, na haikuulizi mara mbili. Mifano mingi ya mafunzo inaiweka herufi hiyo kwa sababu mwandishi anasafisha mashine yake ya majaribio. Usiinakili.

Intaneti ya hapa nayo ina mambo yake. Ukingoni mwa mto simu inarukia mtandao wa nchi ya pili bila kukuuliza, salio linakatika katikati, na kupakua imeji mbili za mamia ya megabaiti katika kila ofisi ni gharama isiyo na maana. Pakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha: docker save -o imeji.tar mariadb:11.4 phpmyadmin:5.2. Faili hilo liweke kwenye flashi. Kwenye mashine nyingine andika docker load -i imeji.tar, na imeji zote mbili ziko tayari bila intaneti hata kidogo. Hakikisha tu mashine zote ni za jamii moja ya prosesa. Imeji iliyopakuliwa kwa kompyuta ya Intel haitaendeshwa vizuri, pengine haitawaka kabisa, kwenye Raspberry Pi. Ndiyo maana pia nimeandika 11.4 na 5.2 kwenye faili badala ya kuacha wazi au kuandika latest. Ukiacha wazi, mashine ya leo na ile utakayoiwasha baada ya miezi sita zitakuwa na matoleo mawili tofauti, na hutajua kwa nini moja inalalamika. Lakini toleo kuandikwa si ruhusa ya kulisahau. Marekebisho ya usalama hutoka ndani ya 11.4 na 5.2 zile zile, kwa hiyo pakua upya kila baada ya muda na uzunguke tena na flashi yako.

Umeme. Bwawa la Ruzizi II, la takriban megawati 44, limekuwa likizalisha tangu 1989 chini ya SINELAC, kampuni ya Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja, lakini kukaa karibu na bwawa hakujamwepusha mtu na taa kuzimika ghafla. Hifadhidata inaogopa kukatika kwa umeme kuliko inavyoogopa karibu kitu kingine chochote. MariaDB imejengwa kuvumilia: kila badiliko huandikwa kwanza kwenye logi, na mashine ikiwaka tena logi husomwa na yaliyokamilika hurudishwa. Uvumilivu huo unategemea mpangilio uitwao innodb_flush_log_at_trx_commit ubaki kwenye 1, ambayo ndiyo thamani yake ya kawaida. Utakuta ushauri wa kuuweka 2 au 0 ili mfumo uende kasi. Kwa seva zilizo kwenye vituo vyenye jenereta na betri, wafanye watakavyo. Kwako, 2 au 0 maana yake malipo yaliyopokewa katika sekunde ya mwisho kabla ya giza yanaweza kupotea huku karani akiwa ameshatoa risiti. Acha 1. Nunua UPS ndogo kabla ya kununua kompyuta ya pili. Na uache restart: unless-stopped kama ilivyo, ili umeme ukirudi usiku hifadhidata iwake bila wewe kuitwa.

Saa pia inasumbua watu kimyakimya. Makontena mengi hufuata saa ya UTC, na sisi tuko saa mbili mbele yake, Rwanda na mashariki ya Kongo sawasawa. Bila mstari wa TZ, mzigo uliopokewa saa saba usiku utaandikwa tarehe ya jana, na hesabu ya siku haitalingana na ya mlinzi wa ghala. Ukipokea data kutoka Mombasa au Dar es Salaam, kumbuka wao wako saa moja mbele yetu. Fedha nazo: usiziweke kamwe kwenye safu ya aina ya FLOAT, kwa sababu haihifadhi senti kwa usahihi. Tumia DECIMAL(14,2), na kando yake safu ya sarafu yenye RWF, CDF au USD. Nimesikia watu wakitetea kubadili kila kitu kuwa dola wakati wa kuandika. Sikubaliani nao. Andika kiasi na sarafu kama vilivyotolewa mkononi, na bei ya kubadilishia iwe na safu yake, vinginevyo mama anayebishania malipo ya wiki tatu zilizopita hatakuwa na namna ya kuonyeshwa ukweli.

Tuje kwa watumiaji. Nenosiri la root lisitumike kwa kazi za kila siku, hata na wewe. Fungua phpMyAdmin mara moja kama root, nenda kwenye kisanduku cha SQL, uunde karani wa hifadhidata yako, ambayo hapa naiita ushirika:

CREATE USER 'karani'@'%' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON ushirika.* TO 'karani'@'%';

Karani anasoma, anaongeza, anarekebisha. Hafuti, wala haondoi jedwali. Kama kuna mweka hazina anayehitaji kuona tu, mpe SELECT peke yake. Ile alama ya asilimia ina sababu: phpMyAdmin inaingia ikitokea kontena jingine, kwa anwani inayoanza kwa 172 mara nyingi, kwa hiyo ukiandika 'karani'@'localhost' utakataliwa na utadhani umekosea nenosiri. Alama hiyo ingekuwa hatari kama hifadhidata ingekuwa imetangazwa nje. Haikutangazwa, basi asilimia inaishia kwenye mtandao wa ndani.

Hata hivyo, karani wa kila siku hastahili kukaa ndani ya phpMyAdmin. Chombo hiki ni cha fundi. Anayepokea mizigo anatakiwa kuwa na fomu rahisi inayouliza vitu vitano, basi. Nimeona ofisi ambapo phpMyAdmin ndiyo iliyokuwa programu ya kazi, wazi kutwa nzima, kila mtu akiingia kama root, na nilichojifunza huko ni kwamba watu hawafuti data kwa ubaya. Wanafuta kwa sababu kitufe cha kufuta kiko karibu na cha kurekebisha.

Wewe mwenyewe ukitaka kubadili rekodi nyingi kwa pamoja, andika kwanza SELECT yenye sharti lile lile la WHERE, uone rekodi ngapi zinatoka na kama ni zile ulizokusudia. Kisha ndipo ugeuze SELECT kuwa UPDATE. phpMyAdmin hufungua muunganisho mpya kwa kila ombi, kwa hiyo usitegemee kuanzisha muamala kwenye ukurasa mmoja na kuutengua kwenye mwingine; ukishabonyeza, imeandikwa. Kabla ya kazi yoyote ya namna hiyo, toa nakala.

Nakala rudufu hutolewa nje ya chombo, si kwa kubonyeza menyu ya kusafirisha kila ukikumbuka:

docker compose exec -T db sh -c 'mariadb-dump -uroot -p"$MARIADB_ROOT_PASSWORD" --single-transaction ushirika' > nakala.sql

Maneno --single-transaction yanaiwezesha kuchukua picha ya wakati mmoja bila kuwazuia wanaoandika. Iweke amri hiyo kwenye cron kila jioni, faili lipewe tarehe kwa jina, halafu lisimbwe: gpg -c nakala.sql itakuomba nenosiri na kukupa faili jingine lisilosomeka bila hilo. La wazi lifute. Ukitaka cron ifanye na usimbaji pia bila kukuuliza, tumia ufunguo wa umma wa gpg, na ule wa siri uuhifadhi mbali na seva. Volyumu ya Docker si nakala rudufu. Iko kwenye diski ile ile itakayoibwa au kuungua.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na watu wa mpakani wanapaswa kuisikia vizuri zaidi kuliko wengine. Rwanda ina sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 ya kulinda data binafsi na faragha. Inamtaka anayekusanya data za watu ajisajili kwa mamlaka ya taifa ya usalama wa mtandao, NCSA, na inataka data hizo zihifadhiwe ndani ya Rwanda isipokuwa kwa kibali. Kongo nayo ilipata sheria yake ya mambo ya kidijitali mwaka 2023. Kwa hiyo flashi yenye nakala ya majina ya wanachama, ukiivusha darajani mfukoni kwenda kuiweka salama kwa ndugu yako Bukavu, umevusha data za watu kutoka nchi moja kwenda nyingine, hata kama ofisa wa forodha hakukuuliza kitu. Ushirika wenye wanachama pande zote mbili unatakiwa kuliuliza hilo mapema na kupata jibu la maandishi. Wakati mnasubiri, nakala ya pili ikae mbali na ofisi lakini ndani ya nchi ile ile: nyumbani kwa mwenyekiti, au kwenye kisanduku cha benki. Na msihifadhi msichokihitaji. Kama namba ya kitambulisho haitumiki kwenye malipo, iondoeni kwenye jedwali. Safu isiyokuwepo haiibiwi.

Nakala isiyowahi kurudishwa haijulikani kama ni nzima. Mara moja kwa mwezi, kwenye kompyuta yako na si kwenye seva, washa makontena yale yale kwa faili lile lile, unda hifadhidata tupu yenye jina ushirika, na uimiminie nakala uliyokwisha kuisimbua kwa gpg: docker compose exec -T db sh -c 'mariadb -uroot -p"$MARIADB_ROOT_PASSWORD" ushirika' < nakala.sql. Kisha hesabu: wanachama wangapi, malipo ya mwisho ni ya tarehe gani, jumla ya madeni kwa kila sarafu ni kiasi gani. Linganisha na kilichoandikwa na mweka hazina. Hapa phpMyAdmin inakusaidia kweli, kwa sababu unaweza kumketisha mweka hazina mbele ya skrini aone mwenyewe. Ukijaribu kuingiza nakala kupitia phpMyAdmin badala ya amri, ule mstari wa UPLOAD_LIMIT ndio utakaoamua kama faili litapokelewa. Usipouweka, kikomo ni megabaiti 2 tu. Mkimaliza kulinganisha, futa volyumu ya majaribio. Hapo ndipo -v ina kazi yake halali, nawe soma jina la folda uliyomo kabla ya kubonyeza.

Limebaki la kukabidhi. Vijana wa hapa wanapata kazi Kigali, wanakwenda masomoni, wanahama na familia zao hali ikichafuka, na mara nyingi nenosiri linaondoka nao. Mfundishe mtu wa pili, hata kama ni kuwasha na kuzima tu na kuendesha amri ya nakala. Faili la compose.yaml na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili au Kinyarwanda yachapwe na yakae kwenye jalada la ofisi. Nenosiri la root na la gpg yawe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mwenyekiti. Na siku fundi anapoondoka, kwa heri au kwa ugomvi, anayebaki aingie kama root aandike ALTER USER kwa kila jina, aondoe ufunguo wa SSH wa aliyeondoka kwenye seva, aweke nenosiri jipya kwenye siri.env, awashe upya kwa docker compose up -d, kisha aendeshe nakala ya jioni ileile mbele ya mwenyekiti aone kama inatoka.